Kisanduku cha Mume

Ukitaka kumkosesha Nekesa usingizi, mpe kazi iliyoachwa nusu. Atazunguka nayo kichwani akipika, akifua, hata akisali, mpaka aikamilishe. Ndiyo maana Muindi, mwenye ofisi ndogo ya kompyuta ghorofani juu ya duka la vitambaa pale Jogoo Road, alimkabidhi yeye programu ya chama cha mazishi, akawaruka vijana wawili wenye tai na maneno mengi.

Chama kilikuwa cha waumini wa kanisa moja la mtaa wa Mbotela, wengi wao watu wa magharibi mwa nchi waliokuja mjini kufanya kazi ya reli, ya kanjo, yaani baraza la jiji, na ya maofisini. Mwenzao akifariki, chama kilinunua jeneza, kikakodi gari, kikamfikisha marehemu kwao. Miaka yote hiyo mambo yalikuwa yakiendeshwa na kumbukumbu ya mwenyekiti, Mzee Shiundu, karani mstaafu wa reli, mtu aliyevaa koti la suti hata akienda kununua maziwa. Lakini huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na kila chama chenye kujiheshimu kilitaka kompyuta.

Mzee Shiundu alikuja ofisini na maneno yake tayari, yale aliyotaka yaonekane kwenye skrini. Jina la mwanachama. Nambari ya nyumba. Na kwa wanawake, MUME.

"Na asiye na mume, Mzee?" Nekesa aliuliza.

"Nani huyo?"

"Wapo. Mimi mwenyewe nipo."

Mzee alicheka kwa upole, kicheko cha mtu anayemwona mtoto akijikwaa. "Wewe bado uko kwa baba yako, kwa hiyo uko kwenye kadi yake. Mwanamke hakosi mwanamume wa kuandikwa naye, binti yangu. Maiti ikifika nyumbani lazima awepo mwanamume wa kuipokea. Nikikosa jina lake nitamwita nani?"

Nekesa alikuwa na jibu, tena lilimfika kooni. Lakini upande wa pili wa meza Muindi alikuwa akimtazama kwa yale macho yake ya kastama ni kastama. Akalimeza. Akajiambia wanachojiambia wengi wa kazi hiyo, kwamba neno ni neno tu. Mashine haimjui mume wala mke, inajua kisanduku kimejaa au kiko wazi. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na nalisema mapema ili tusije tukamtupia Mzee Shiundu lawama zote.

Kosa la pili hakuna aliyemtuma. Kwa vile hakuvumilia kitu kilichoachwa wazi, aliiagiza mashine ipige kelele na kugoma kuendelea kisanduku hicho kikiwa kitupu. Kisha akaiagiza ikubali tu jina la mwanamume mwanachama, aliye hai. Na juu ya hayo yote akaweka ujanja aliojivunia sana: ukishaandika jina la ukoo la mwanamke, mashine yenyewe inakutafutia wanaume wenye jina hilo, unabonyeza tu, na mwanamke anaingia kwenye kadi ya huyo mwanamume. Kazi ya wiki nzima ingemalizika kwa siku chache.

Jumapili moja alisimamishwa mbele ya kanisa aeleze. Alikuwa amevaa gauni jipya. "Kompyuta haidanganyi," alisema, "na haikosei." Watu walipiga makofi, na Mzee Shiundu ndiye aliyepiga ya mwisho.

Mtu aliyeajiriwa na chama kuingiza majina alikuwa Anyango, ambaye alijifunza kupiga taipu baada ya mumewe, Gordon Onditi, kufariki. Gordon alikuwa fundi wa reli. Anyango alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na katika siku chache za kukaa naye mbele ya skrini ile nyeusi yenye maandishi ya kijani, Nekesa alimpenda kama dada. Mchana walishuka mpaka Soko la Burma, wakala nyama na ugali wamesimama, Anyango akimtania kwamba atazeeka akiwa ameolewa na kibodi.

Siku moja hapo Burma alimweleza habari zake. Mwaka mmoja baada ya mazishi, wazee wa ukoo wa Gordon walikuja Mbotela kumwambia kwamba wakati umefika arithiwe na shemeji yake, Sylvance. Ndiyo desturi: nyumba ya marehemu haiachwi bila mwanamume. Anyango aliwajibu kwamba ameokoka na hatarithiwa na mtu. Kina mama wa kanisa walijaa sebuleni mwake wakaimba, mchungaji akaketi kando yake, na wazee wakanywa chai wakaondoka. "Bila kanisa ningekuwa wapi?" alisema. "Lile kanisa ndilo boma langu."

Alasiri moja, siku mbili tatu kabla ya kadi kuchapishwa, Anyango alifika kwenye jina lake mwenyewe. Akaandika Gordon kwenye kisanduku. Mashine ikalia, ikaandika: HAYUPO. Nekesa alikuwa amewahamishia marehemu wote kwenye orodha yao ya pembeni, kwa usafi.

"Najua hayupo," Anyango alisema akicheka. "Sikuhitaji mashine iniambie."

Akaandika "marehemu." HAYUPO. Akaacha wazi. Mashine ikalia na kukataa kusogea. Akaandika jina lake mwenyewe, ikalia tena. Kisha ule ujanja wa Nekesa ukafanya kazi yake, na katikati ya skrini likatokea jina moja, Sylvance Onditi, likipepesa.

"Nekesa, njoo uone. Imenichagulia." Sasa alikuwa hacheki.

Nekesa alikuwa amepiga magoti mbele ya printa iliyokwama karatasi, mikono myeusi kwa wino. Hakuinuka. "Bonyeza tu ipite, dada. Nitarekebisha kabla hatujachapisha."

Anyango alikaa kidogo, kidole juu ya kibodi. Halafu akabonyeza.

Printa ilipotengamaa, Muindi alimtuma Nekesa Industrial Area kwa kastama mwingine, na huko mambo yalikuwa yameharibika vibaya kuliko alivyoambiwa. Aliporudi, kadi zilikuwa zimeshachapishwa na Muindi mwenyewe, zimekatwa, zimetiwa sahihi ya mwenyekiti. Nekesa yule asiyelala na kazi nusu alizitazama zikiwa zimefungwa kwa mpira, akafurahi kwamba zimependeza. Alikuwa amesahau kabisa.

Jumapili, Mzee Shiundu hakuzigawa kadi hivihivi. Alizisoma moja moja kwa sauti, kama mwalimu anayeita darasa, kwa sababu alitaka kila mtu asikie kazi ya kompyuta. Mwanachama aliyeitwa alikwenda mbele kuchukua yake.

"Sylvance Onditi," alisoma. "Mke, Amondi. Mke, Anyango."

Minong'ono ikaanza kule nyuma ikaja mpaka mbele. Amondi, mke wa Sylvance, mwanamke mnene mtulivu aliyekuja kutoka Njiru na watoto wake, aliangalia mikono yake. Anyango alikuwa amesimama nusu, kama mtu aliyetaka kuuliza swali akalikosa. Naye Sylvance, niseme haki, alishtuka kama wengine. Lakini alipokuwa akirudi kutoka mbele na kadi mkononi, uso wake ulikuwa umeanza kung'aa.

Huyu Sylvance hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Alikuwa mtunza stoo kiwandani, aliyekuwa akijenga polepole kwenye kiwanja chake cha Njiru, na ndiye aliyekuja kuziba bati la Anyango lilipovuja wakati wa mvua. Aliamini kwa moyo wote kwamba anamkosea marehemu ndugu yake kwa kuiacha nyumba yake peke yake. Sasa kanisa lenyewe, lililomzuia, lilikuwa limempa jibu kwa maandishi. Tangu jioni hiyo aliacha kumwita Anyango shemeji. Alimwita mama watoto.

Juma lililofuata Anyango alipanda ngazi za ofisi, hakuketi.

"Wazee wamerudi," alisema. "Nikawaambia tena nimeokoka, kanisa haliruhusu. Mmoja akaniuliza, kanisa gani? Akaweka kadi mezani. Akaniuliza nani ameandika hapa. Ningesema nini? Nikasema ni mimi. Akasema, kwa mkono wako? Nikasema kwa mkono wangu, lakini mashine ilikataa kupita. Wakacheka, Nekesa. Hawakunicheka vibaya. Walinicheka vile unavyomcheka msichana anayetaka kitu na anaona haya kusema."

"Dada, nisamehe. Ni mimi—"

"Nimemwendea mchungaji. Anasema mambo ya chama ni ya Mzee Shiundu. Mzee Shiundu anasema mambo ya kompyuta ni yako. Sasa nimefika kwako, na sijui wewe utanituma kwa nani."

Nekesa hakumtuma kwa mtu. Siku hiyohiyo alikwenda nyumbani kwa Mzee Shiundu, akamkuta barazani na redio yake, akamuuliza swali ambalo angemuuliza siku ya kwanza.

"Mzee, kile kisanduku unakitakia nini hasa?"

"Nilikwambia. Nipate wa kumwita maiti ikifika."

"Basi tuandike hivyo. Mtu wa kuitwa. Awe mume, awe mama, awe dada, awe jirani. Anyango akitaka atamtaja mama yake. Wewe utakuwa na jina la kuita, na hakuna atakayeozwa na kadi."

Mzee Shiundu alizima redio. Hakuwa mjinga, alielewa mara moja, na Nekesa aliona kabisa kwamba ameelewa. Alikaa akivuta ncha ya koti lake.

"Kweli hilo lingetosha," alisema. "Mimi niliandika mume kwa sababu ndivyo tunavyosema. Lakini binti yangu, ulisimama mbele yetu ukasema haikosei. Nikisimama niseme hii moja imekosea, kesho kila mtu atakuja na yake. Badilisha huko ndani. Mpe mama kadi mpya, kimyakimya."

Nekesa alibadilisha. Alilifuta neno MUME kote lilikokuwa, akaweka MTU WA KUITWA, akaiondolea mashine ile kelele yake, akaufuta ule ujanja wa majina ya ukoo. Chai aliyokuwa ameagiza ilikuwa bado inatoa mvuke alipomaliza, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kama ingekuwa kazi ya mwezi. Akachapisha kadi moja: MWANACHAMA, ANYANGO. Chini yake, mtu wa kuitwa, jina la mama yake aliyekuwa nyumbani.

Alimkuta Anyango jikoni akipepeta mchele. Anyango alifuta mikono, akaisoma kadi, na kwa muda uso wake ule wa zamani ulirudi.

"Ni nzuri," alisema. "Jina limekaa vizuri likiwa peke yake." Kisha akaisukuma mezani kuelekea kwa Nekesa. "Lakini ile ilisomwa mbele ya watu. Hii unaniletea jikoni?"

"Mzee amesema—"

"Nitawaonyesha wazee hii, wao watoe ile. Zote zimetoka kwenye mashine moja. Watasema nimekwenda kwa rafiki yangu akaniandikia ninavyotaka, na watakuwa wamesema kweli. Isome pale ile iliposomewa kanisa, Nekesa. Hapo nitaichukua."

Nekesa aliahidi, na alipoahidi alimaanisha. Lakini Jumapili ya kwanza Mzee Shiundu alisema kuna wageni wa askofu, haitakuwa vizuri. Jumapili ya pili kulikuwa na harambee ya paa. Na katikati ya wiki Muindi alimvuta kando, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba kuna makanisa mengine mawili yanayotaka programu ileile, na akisikia mtu yeyote ametangaza kwamba inakosea, basi huyo mtu atafute mahali pengine pa kukosea. Nekesa alimtazama baba yake aliyestaafu bila kiinua mgongo, akaitazama kodi ya nyumba, akangoja. Alijiambia anangoja nafasi nzuri. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kadi ya Anyango alitembea nayo ndani ya Biblia, na kila alipoifungua Biblia alikutana nayo.

Siku hizo Anyango aliacha kuja kanisani. Nekesa alipita kwake mara moja, akaambiwa na watoto mama ametoka, na alisikia sufuria ikisogezwa kule jikoni. Akaondoka bila kugonga tena.

Jumapili ya tatu hakukuwa na wageni wala harambee. Matangazo yalipoisha, Mzee Shiundu alikunja karatasi yake bila kuangalia upande wa Nekesa. Basi Nekesa akasimama mahali alipokuwa, katikati ya benchi la kina dada.

"Mimi ni Nekesa," alisema, kana kwamba hawamjui. "Nilisimama hapa nikasema kompyuta haidanganyi. Kompyuta inasema inachoambiwa, na aliyeiambia ni mimi. Niliifanya imkatae kila mwanamke ambaye hana mume aliye hai. Dada Anyango aliandika jina la Gordon ikakataa. Aliandika jina lake ikakataa. Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze tu ipite. Hakumchagua mtu. Naomba nisome kadi yake."

Akaisoma. Ilikuwa fupi, ikaisha haraka kuliko alivyotegemea. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Shiundu alikuwa ameinamisha kichwa, na huko nyuma Muindi, ambaye huja kanisani kwa ajili ya biashara, alikuwa ameshatoka nje. Kumbe hilo la Muindi halikumuuma Nekesa kama alivyodhani. Alikuwa akiutafuta uso wa Anyango kwenye mabenchi, akitumaini kwamba leo amekuja.

Aliyeinuka alikuwa Amondi. Sylvance alimshika mkono, yeye akautoa taratibu, akaja mpaka katikati.

"Dada, umechelewa," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Anyango yuko kwangu Njiru. Walimleta Ijumaa na lori, na vitanda vyake na watoto. Analala chumba kimoja na binti zangu. Nilimuuliza mbona umekubali, wewe uliyekataa miaka yote hii? Akaniambia, nimeshaandikwa."

Kuna mtu alisema "Ee Mungu". Sylvance alikuwa akitazama sakafu. Maneno yote aliyoyapanga Nekesa wiki tatu yalikuwa ni ya kumzuia mtu asiondoke, naye ameshaondoka.

Amondi akageuka, akarudi kwenye benchi lao, akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti la mumewe mbele ya kanisa zima, akatoa kadi ya kwanza. Sylvance hakumzuia. Akaja akaiweka mezani mbele ya Mzee Shiundu, juu ya ile karatasi ya matangazo.

"Hii mkae nayo," alisema. Kisha akamnyooshea Nekesa mkono. "Hiyo mpya nipe. Nitampelekea leo, na nitamsomea mbele ya baba watoto wangu. Akitaka kurudi Mbotela nitamsaidia kufunga mizigo. Asipotaka, atakaa akijua jina lake."

Nekesa alimpa. Amondi aliisoma yeye mwenyewe kwanza, polepole, akisogeza kidole chini ya herufi. Alipofika mwisho hakuondoka.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe vipi, mama?"

"Ile kadi ilianza na Sylvance, mimi nikaja chini. Sikuwahi kuwa na ya kwangu." Alisema bila kuona haya, na kina mama wa mbele waliinua vichwa kumtazama. "Niandikie. Amondi. Mtu wa kuitwa, weka Anyango."

Kompyuta ilikuwa Jogoo Road, ofisi imefungwa, na pengine kesho hangefunguliwa mlango wake. Nekesa alipekua mkoba akitafuta kalamu, huku Amondi amesimama mbele yake akingoja.